Ukisema "Nimeriski", Nani Analipa?

Mwezi huu nina ugomvi na neno moja tu: riski. Siku hizi kila mtu anariski. Dada kakutana na kaka juzi, leo wameshahamia chumba kimoja. Ukimuuliza, anacheka: "Shoga, mapenzi ni kuriski!"

Haya, twende Ziwa Nyasa tukalielewe vizuri. Ukishuka kutoka Mbinga, kwenye baridi na kahawa yake, mpaka Mbamba Bay, unakuta ziwa lenye kina cha mita 700 hivi. Upepo wa kusini ukichachamaa, mawimbi hayana mchezo. Mawimbi hayo ndiyo hatari: yapo, utake usitake. Riski ni kitu kingine. Ni pale mvuvi wa usipa anapotazama upepo, anapiga hesabu, halafu anaamua mwenyewe kusukuma mtumbwi. Akibaki nchi kavu, hatari ipo palepale, ila yeye hajariski chochote. Sisi yote mawili tunayaita hatari, ndiyo maana tunachanganya mambo.

Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa karne ya 17. Wapo wanaolihusisha na riziki ya Kiarabu, ingawa wataalamu hawajakubaliana. Lakini mvuvi angewaelewa: anaingia majini kwa sababu ya riziki, na anajua anachokifuata.

Sasa turudi kwenye mapenzi. Msimu wa kahawa, hela imeingia. Baba kashuka ufukweni, kapata mpenzi, kondomu hakutumia, kupima hataki. Anawatambia wenzake: "Nimeriski!" Hapana, kaka. Mkeo kule mlimani hakuuona upepo, wala hakuulizwa kama anataka kupanda mtumbwi huo. Hapo hujariski, umemhatarisha mwenzio.

Na tusiwanyooshee kidole wanaoishi na VVU. Anayetumia dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Tatizo ni asiyejua hali yake na hataki kujua, wakati tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu hata kujipima mwenyewe.

Kwa hiyo, mpenzi akikuambia "turiski tu," muulize maswali mawili: tunajua nini, na mambo yakiharibika nani atalipa? Akikasirika, jibu umeshalipata. Baki nchi kavu, shoga.

Tukutane mwezi ujao!