Usikate Waya wa Breki za Trela

Wakulima wenzangu, mwezi huu nataka kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni breki za trela. Mimi si fundi wa motokaa. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Lakini jambo hili nimejifunza kwa uchungu, na mtu aliyejifunza kwa uchungu yampasa kuwaonya wenzake.

Hapa Kinangop chama chetu cha wakulima kilinunua trela iliyokwisha tumika, yenye magurudumu mawili, ya kuvutwa na pikapu, ili ichukue mitamba na viazi. Trela hiyo ilitengenezwa Marekani na breki zake ni za umeme. Huko Marekani, na Australia pia, breki za namna hiyo ni za kawaida. Kwetu ni chache, na mafundi wengi hawajazizoea. Baada ya miezi michache trela ikaanza kuvuta upande wa kushoto kila dereva alipokanyaga breki. Fundi mmoja akaitazama kidogo, akashika koleo, akakata waya wa breki, akasema, "Sasa haitakusumbua tena." Kweli haikusumbua. Dereva akaniletea kitabu cha safari, akaniambia trela imetengenezwa, nami nikaandika: "Breki nzuri." Sikuinuka kitini kwenda kuitazama.

Wiki ile ile trela ilishuka kwenda Naivasha na mitamba wawili wenye mimba. Katika mteremko pikapu ilipunguza mwendo, lakini trela haikupunguza. Iliisukuma pikapu kwa nyuma mpaka ikaigeuza, na vyote viwili vikaingia mtaroni. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini mtamba mmoja alivunjika mguu, ikabidi achinjwe pale pale. Alikuwa mali ya mama mmoja jirani yangu, ambaye alikwisha pata mnunuzi Naivasha, na fedha zile zilikuwa karo ya mwanawe. Kitabu changu kingali na maneno yale, "Breki nzuri," kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Basi nasema wazi: kukata waya si kutengeneza. Ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo ili asilie, kisha ukasema amepona.

Wako watakaonijibu, "Mimi huendesha polepole, sina haja ya breki za trela." Kwenda polepole ni vizuri, lakini hakuondoi uzito. Hebu tufanye hesabu. Kinangop iko kiasi cha mita 2500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Naivasha kiasi cha mita 1900. Trela na mzigo wake ikiwa na uzito wa kilo 1500, na ikashuka mita hizo 600, nguvu yake kama ingegeuka joto yote ingetosha kuchemsha zaidi ya debe zima la maji baridi. Uende mbio, uende polepole, nguvu hiyo haibadiliki. Sehemu yake huzuiwa na injini ukishuka kwa gia ndogo, na sehemu huzuiwa na upepo. Inayobaki ni kazi ya breki. Trela isipokuwa na breki, kazi yote huziangukia breki za pikapu peke yake, nazo zikipata moto mno hulegea. Hapo dereva hukanyaga, wala gari halisikii.

Breki hizi za umeme si uchawi. Ndani ya kila gurudumu mna dramu, na ndani ya dramu mna sumaku ya umeme. Dereva akikanyaga breki, kisanduku kilichofungwa karibu na usukani hupeleka umeme kwenye sumaku. Sumaku hushika uso wa dramu inayozunguka, huburutwa nayo kidogo, na kwa kuburutwa husukuma wenzo unaotanua shuu za breki. Umeme ukiwa mwingi, breki hushika sana. Ukiwa kidogo, hushika kidogo. Waya ukikatika, hazishiki kabisa. Mtu akilifahamu hilo ataweza kuutafuta ugonjwa kwa utaratibu, kama tunavyotafuta kinachomsumbua ng'ombe, bila kubahatisha.

Kabla ya yote, egesha trela mahali palipo sawa na utie mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

Kwanza, tazama plagi inayounganisha trela na gari. Vumbi, maji na kutu ya kijani huzuia umeme. Safisha, kausha, kisha jaribu tena. Fahamu pia kwamba plagi zenye pini 7 si za mtindo mmoja. Pini ya breki katika mtindo wa nchi moja huenda ikawa na kazi nyingine kabisa katika mtindo wa nchi nyingine. Usiamini rangi za waya wala umbo la plagi. Fuata waya wenyewe mpaka ujue unakotoka na unakokwenda.

Pili, tazama waya wa ardhi, yaani ule unaorudisha umeme kutoka kwenye trela. Watu wengi huusahau. Yafaa uwe waya wake wenyewe unaofika mpaka kwenye gari, wala usitegemee chuma cha kuvutia trela, maana pale pana grisi na kutu. Pale unapofungwa kwenye chasi, fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza.

Tatu, pima umeme. Mita ndogo ya kupimia si ghali, na chama chaweza kununua moja kwa matumizi ya wote. Mtu mmoja asukume kidogo kidogo swichi ya mkono ya kile kisanduku, na wewe upime kwenye pini ya breki. Volti zapasa kupanda hata zikaribie 12. Zisipopanda, ubovu uko kwenye gari: fyuzi, waya, au kisanduku chenyewe. Zikipanda, ubovu uko kwenye trela.

Nne, pima ampea. Katika breki za kawaida za inchi 10 au 12, kila sumaku hutumia kiasi cha ampea 3. Trela ya magurudumu mawili basi hutumia kiasi cha 6. Ukipata 3, gurudumu moja halipati umeme. Usipopata kitu, waya umekatika mahali. Ukipata nyingi kupita kiasi, waya umechubuka na unagusa chuma. Kama huna mita, inua gurudumu kwa jeki, ulizungushe kwa mkono, na mwenzako atumie ile swichi ya mkono. Gurudumu lisilosimama ndilo lenye ugonjwa.

Tano, ikiwa umeme ni mzuri lakini breki ni dhaifu, fungua dramu. Shuu zikiwa zimelowa grisi, usizioshe na kuzirudisha. Weka mpya, na utengeneze mahali grisi inapovujia. Tazama kama sumaku imelika upande mmoja. Kisha rekebisha shuu: kaza ile gurudumu ndogo yenye meno mpaka dramu isizunguke, halafu legeza mpaka izunguke na kukwaruza kidogo tu.

Mwisho, usisahau beteri ndogo ya trela na pini yake ya hatari. Trela ikichomoka kwenye gari, kamba huivuta pini hiyo, na beteri huzifunga breki. Chomoa kwanza plagi kwenye gari, ndipo uivute pini ujaribu kama magurudumu yanashika. Ukiisha, irudishe mara moja, isije beteri ikaisha nguvu.

Na trela yetu ilikuwa na ugonjwa gani? Tulipoitoa mtaroni tukaipima kwa utaratibu huu. Sumaku zote mbili zilikuwa nzima. Waya wa ardhi wa gurudumu la kulia ndio uliokuwa umeliwa na kutu pale ulipofungwa kwenye chasi. Gurudumu la kushoto lilikuwa likishika peke yake, ndiyo sababu trela ilivuta upande huo. Kipande cha msasa, kipande cha waya na bolti moja mpya vilimaliza kazi kwa muda wa saa moja. Nikamfikiria yule mama na karo ya mwanawe, nikaona haya.

Wengine husema kwamba breki za umeme hazifai kwa matope yetu, na kwamba afadhali breki zinazojifunga zenyewe trela inaposukuma gari. Sibishani nao sana. Ikiwa mahali penu hapana mtu awezaye kuzitunza breki za umeme, mtafuteni fundi anayejua kazi azibadilishe zote kama ipasavyo. Hiyo ni akili. Lakini kuziondoa za umeme na kutoweka nyingine mahali pake si akili, bali ni kucheza na roho za watu na mali zao, pamoja na za wale msiowajua mnaokutana nao njiani.

Neno langu kwa vyama vyote vyenye trela ni hili. Wekeni kitabu cha trela kama mnavyoweka kitabu cha maziwa. Kila waya uliofunguliwa uandikwe, na aliyeufungua aandike jina lake. Kabla ya safari dereva apande kwenye gari, aende hatua chache mahali tambarare, atumie breki za trela peke yake kwa ile swichi ya mkono, na mtu mwingine asimame pembeni atazame kama magurudumu yote mawili yanashika. Kazi hiyo haifiki dakika tano.

Na kwa makarani wenzangu nasema: kalamu isiandike kile ambacho macho hayajaona. Siku hizi dereva akiniletea kitabu, naweka kalamu chini, natoka nje pamoja naye, kisha ndipo naandika.