MHESHIMIWA, PULIZA!

 

Leo sitawapa neno la kubembeleza. Wengine mtaacha kufuata ukurasa huu, na ni sawa. Jambo hili nimelibeba tangu matanga ya Jumamosi, na nikinyamaza nitakuwa nimekula njama.

Tulimzika kijana wa bodaboda. Aligongwa usiku na gari kubwa lililohama upande wake wa barabara likamfuata upande wa pili. Walioshuhudia wanasema mtu aliyeshuka upande wa usukani hakuweza kusimama bila kushikwa. Ni mtu mkubwa, wa kuitwa mheshimiwa. Gari lingine lilikuja haraka likamchukua. Kulipokucha, habari ilikuwa kwamba aliyekuwa akiendesha ni dereva wake.

Mimi sikuwepo. Kwa hivyo simtaji, wala simhukumu. Kuhukumu ni kazi ya korti. Lakini hapo ndipo moyo wangu unapouma: hakuna korti iliyoulizwa. Hakuna aliyepuliza kitu. Hakuna damu iliyopimwa usiku ule.

Jumamosi mheshimiwa alilipa jeneza, hema, chakula na maji ya chupa. Akampa mama bahasha. Kisha akaomba kuongea. Na mimi, mchungaji wenu, niliyekuwa na Biblia mkononi, nilisogea kando nikampa maiki. Akasema ajali ni mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia Amina. Mama alikuwa akitazama chini, akisugua kidole gumba kwenye ile bahasha. Hakuitikia.

Watu wa Mungu, ajali ile haikuwa mapenzi ya Mungu. Yalikuwa mapenzi ya chupa. Na sisi tuliipa chupa ile Amina.

NG'OMBE ALIYEJULIKANA KUWA MKALI

Fungua Kutoka 21, kuanzia mstari wa 28. Watu husoma sura ile haraka wakidhani ni mambo ya wafugaji wa zamani. Soma polepole. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, na mwenye ng'ombe hakujua kwamba ana tabia hiyo, mwenyewe haadhibiwi kwa kifo kile. Lakini kama alikuwa ameonywa kwamba ng'ombe wake ni mkali, naye akamwacha bila kumfunga, basi damu iko juu ya mwenye ng'ombe.

Unaona Mungu anavyopima? Haulizi tu ni nani ameumia. Anauliza: ulijua? Ulionywa?

Sasa niambie, ni nani Kenya hii hajaonywa kuhusu pombe na usukani? Gari la tani mbili mikononi mwa mlevi ni ng'ombe mkali aliyefunguliwa kamba. Kila mwaka barabara zetu hutuua zaidi ya watu 4,000. Si wote wameuawa na pombe, lakini wale waliouawa na pombe waliuawa na mtu aliyeamua. Alikuwa na ufunguo mkononi, na alijua.

SHERIA INASEMA NINI?

Msije mkasema pastor anaongea siasa. Naongea sheria, ambayo kila mmoja wenu anaweza kusoma.

Sheria ya Trafiki, sehemu ya 44, inasema anayeendesha gari akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti amefanya kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ukiua mtu kwa kuendesha ovyo, sehemu ya 46 inaweza kukupeleka ndani hadi miaka 10. Tafuta pale neno "isipokuwa mheshimiwa". Halipo.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27, inasema kila mtu yuko sawa mbele ya sheria. Kila mtu. Kinga ya mashtaka ya jinai amepewa Rais peke yake, Kifungu cha 143, tena akiwa ofisini tu. Gavana hana. Seneta hana. MCA hana. Mbunge ana uhuru wa kusema ndani ya Bunge, lakini barabara ya Thika si Bunge, na mlingoti wa stima hauwezi kujibu hoja.

Tena sikieni hili, maana familia nyingi hudanganywa hapa. Kesi ya jinai si mali ya familia. Ndiyo maana huandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Mwenye mamlaka ya kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hata yeye akitaka kuiondoa kortini lazima apate ruhusa ya korti. Basi wazee wanapoketi chini ya mwembe na kusema "tumeongea, tumemalizana", wamemalizana nini? Wanauza kitu kisicho chao. Familia ina haki ya kulipwa fidia, na ilipwe. Lakini fidia haifuti kosa.

KIZUIZI KIMOJA, WATU WAWILI

Mnaikumbuka Alcoblow iliporudi barabarani Desemba 2013. Watu walicheka, wakatunga vichekesho, lakini wengi pia walianza kuacha magari kwenye baa wakaenda nyumbani na teksi. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kanuni zilizokuwa zikitumika zina kasoro, na wengine wakasherehekea. Lakini kosa la kuendesha ukiwa mlevi halikufutwa. Liko hadi leo.

Hebu tusimame kwenye kizuizi usiku wa Ijumaa.

Anakuja fundi wa mabati na pikapu yake. Amekunywa. "Zima gari. Puliza." Anapuliza, kipimo kinapanda. Anashushwa, analala seli bila viatu, Jumatatu yuko kortini, analipa faini kwa pesa za karo ya mtoto. Simwonei huruma sana. Alistahili. Huenda seli ile imeokoa maisha yake na ya mwingine.

Nyuma yake linakuja gari kubwa jeusi, vioo vyeusi. Kioo kinashuka inchi mbili, harufu inatoka kabla ya sauti. "Unajua mimi ni nani?" Na yule konstebo, mtu wa watu, ana watoto, anaogopa kuamkia kituo cha mbali kesho yake. Anapiga saluti. "Pita salama, mheshimiwa."

Pita salama! Na yule aliye mbele barabarani, naye apite na nani?

Na hata akigonga mtu, njia zake tunazijua. Dereva hubeba msalaba. Mheshimiwa hukimbizwa hospitali ya kibinafsi "kwa mshtuko", na kadiri saa zinavyopita ndivyo mwili unavyoisafisha pombe kwenye damu. Akija kupimwa kesho mchana ni msafi kama mtoto wa Sunday School. Huko ni kuficha ushahidi kwa kutumia saa ya ukutani.

INAWEZEKANA

Msiniambie haiwezekani. Mwaka wa 1976, jimbo la Maine kule Marekani, polisi alimsimamisha kijana mmoja aliyekuwa akiendesha akiwa amekunywa. Baba ya kijana yule alikuwa mkurugenzi wa CIA. Fikiria hapo! Polisi hakupiga saluti. Kijana alikamatwa, akakiri kosa, akalipa faini ya dola 150, akanyimwa ruhusa ya kuendesha katika jimbo lile. Jina lake ni George W. Bush, na baadaye alikuja kuwa rais. Alificha habari hiyo mpaka ilipofichuka siku chache kabla ya uchaguzi wa 2000. Lakini angalia: kupuliza hakukumwua. Kukamatwa hakukummaliza. Yeye mwenyewe amesema aliacha pombe mwaka wa 1986. Nani ajue, pengine yule polisi alikuwa na mkono katika hilo.

Kumpitisha mlevi mkubwa si kumheshimu. Ni kumwacha afe na cheo chake.

MTANIAMBIA

"Pastor, usiguse masihi wa Bwana." Ndugu yangu, kupigiwa kura si kupakwa mafuta. Na hata Daudi aliyepakwa mafuta kweli kweli, alipomwua Uria, Mungu hakumtumia mchungaji wa kumshika mkono na kumpa maiki. Alimtuma nabii Nathani, 2 Samweli 12, akamweleza mbele ya uso wake kwamba mwenye hatia ni yeye. Mpakwa mafuta alipulizishwa, na akatubu!

"Warumi 13 inasema tutii mamlaka." Kweli kabisa. Na yule konstebo kwenye kizuizi, akiwa na kipimo mkononi, ni mamlaka. Basi Warumi 13 ni ya mheshimiwa pia. Azime gari, apulize.

"Sisi Wapentekoste hatunywi, haya hayatuhusu." Yanatuhusu. Yakobo 2 haizungumzi na walevi. Inazungumza na kanisa, na waliokuwa wakimkalisha mwenye pete ya dhahabu mbele na maskini chini sakafuni. Wale walikuwa wameokoka, na walikuwa na maashera!

"Lakini alitusaidia kujenga." Alileta mabati 200, ndiyo. Hakununua damu ya mtoto wa mtu. Mithali 31 mwanzoni, kabla ya yule mwanamke mwema mnayempenda Mother's Day, kuna mama anamwonya mwanawe mfalme kuhusu mvinyo. Sababu anayotoa ni hii: mfalme akinywa atasahau sheria na kuwapindishia haki wanaoteswa. Mama yule aliona mbali. Mtunga sheria akilewa, wa kwanza kuumia ni maskini.

SASA NIJE KWANGU

Mngeweza kuuliza: pastor, wewe mikono yako ni safi? Hapana.

Mwaka jana, saa saba usiku, simu yangu ililia. Mshiriki wetu, mtu wa kutoa zaka vizuri, alikuwa amekamatwa akitoka harusini. "Pastor, niongeleshee OCS." Nami nikapiga simu. Nilisema ni mtu mwema, ana familia, ni mzee wa kamati ya ujenzi. Aliachiliwa bila kupelekwa kortini. Asubuhi alinitumia ujumbe: "Mungu ni mwaminifu." Nikamjibu Amina.

Jumamosi pale kaburini ndipo Roho aliponirudisha kwenye simu ile. Nilikuwa nimemkasirikia mheshimiwa kwa kutumia jina lake, kumbe nami nilitumia kola yangu. Tofauti yetu ni kwamba mtu wangu hakumgonga mtu usiku ule. Haikuwa haki yangu. Ilikuwa ni rehema tu.

Wapendwa, nimetubu kwa Mungu, na sasa natubu mbele yenu. Wanasiasa wetu hawakuangushwa kutoka mwezini. Ni sisi, tukiwa na simu kubwa zaidi. Kila mmoja wetu anataka sheria imshike yule mwingine na imwache ndugu yake. Walawi 19:15 inakataza kumpendelea mkubwa, na pia inakataza kumpendelea maskini. Mizani ni moja.

KWA HIVYO

Kwanza, sitapiga simu tena kwa OCS yeyote kuomba mlevi aachiliwe. Ukikamatwa nitakuja. Nitakuletea blanketi na chai, nitaomba nawe, na kortini nitakaa kiti cha nyuma mpaka iishe. Lakini utajibu.

Pili, katika matanga nitakayoongoza, anayetuhumiwa kusababisha kifo hatapewa maiki. Akitaka kulia na familia, alie kimya kama sisi.

Tatu, leo mchana naenda na wazee wawili kumwona yule mama. Simwendei na bahasha. Tutamsindikiza kituoni akaulize kesi imefika wapi, na tutarudi mara nyingi kama yule mjane wa Luka 18. Walioona ajali, nawasihi: andikisheni taarifa. Kunong'ona sokoni si ushahidi.

Nne, tuanzie nyumbani. Usingizi nao hulevya. Dereva wa basi la kanisa hatakesha nasi usiku kucha kisha awaendeshe watoto wenu saa kumi na moja alfajiri. Kesha la Ijumaa tutakuwa na dereva aliyelala.

Na wewe mheshimiwa, najua vijana wako watakufikishia huu ujumbe kabla ya saa sita. Sikuchukii. Mlango wa kanisa uko wazi, na kiti kipo, safu yoyote utakayoikuta. Lakini nenda kwanza kituoni. Sema ukweli kuhusu usukani ule. Mwachilie yule dereva anayebeba jina lako. Zakayo alipoamua kubadilika, hakutafuta maiki. Alianza kurudisha.

Tuombe. Baba, tusamehe Amina tulizoitikia uongo. Mfariji mama anayetazama chini, umwinue kichwa. Mpe konstebo wa kizuizini ujasiri wa Nathani, na umlinde na kazi yake. Wape mahakimu wetu mizani moja. Utulinde tunaosafiri msimu huu, na utuzuie tunapokuwa sisi ndio hatari barabarani. Katika jina la Yesu.

Kama umeitikia Amina, usimpe ufunguo mtu aliyelewa wikendi hii. Hata kama ni bosi wako. Hata kama ni baba yako. Hata kama ni mimi.