Kabla ya kuchinja mbuzi wa Krismasi, hesabuni magunia



Wiki hii simu ninazopigiwa si za wadudu wala za magonjwa. Ni za sikukuu. Mmoja anauliza bei ya mbuzi Laela, mwingine anataka kujua kama mchele wa bondeni umeshapanda bei. Magari kutoka Mbeya na Tunduma yanashusha ndugu zetu, na kila nyumba kuna mgeni. Ni jambo jema. Lakini leo nataka kusema neno ambalo si la shambani moja kwa moja, ingawa mwisho wake ni shambani.

Maoni yangu ni haya: familia nyingi hapa Ufipa hazikwami kwa sababu ya kutojua kilimo. Zinakwama kwa sababu mwaka unaisha bila watu wa nyumba moja kukaa chini na kuambiana ukweli wa walichovuna na kilikokwenda. Na wakati pekee ambao wote wapo nyumbani ni huu wa Krismasi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, tarehe 26 Desemba, tulikuwa tumekaa jikoni tunaota moto, mvua inanyesha. Binti yangu wa darasa la sita akauliza, "Baba, mwaka huu tulivuna magunia mangapi?" Nikasema kama thelathini. Mama yake akacheka kidogo, akasema, "Ishirini na nane. Kumi na tano uliuza Julai. Manne uliuza Septemba hukuniambia. Matatu tulikula mpaka sasa. Yamebaki sita, na moja lina dumuzi."

Mimi ndiye ninayezunguka vijijini kuwafundisha watu kutunza kumbukumbu, na nyumbani kwangu aliyekuwa na kumbukumbu hakuwahi kuulizwa. Yale manne ya Septemba niliyauza kumaliza deni ambalo mke wangu hakulijua. Yale kumi na tano niliyauza Julai, wakati kila mtu anauza na mnunuzi anapanga bei anavyotaka. Siku ile ya Desemba tulikuwa tumeshakula hela ya kikoba: mbuzi, nguo za watoto, soda, nauli za wageni. Mfuko wa urea haukununuliwa. Katikati ya Januari mahindi yangu yalianza kuwa ya njano, na jirani niliyemfundisha mimi mwenyewe alikuwa na mahindi ya kijani iliyoiva. Nilipita njia nyingine kwa wiki mbili.

Tangu mwaka ule kikao chetu hakingoji tarehe 26. Tunakaa tarehe 23, kabla hela haijatoka. Ndiyo maana nawaandikia leo.

Tatizo letu Ufipa ni kalenda. Sikukuu inaangukia katikati ya msimu. Aliyepanda mwishoni mwa Novemba anatakiwa kuweka mbolea ya kukuzia mahindi yakifika magotini, yaani wiki ya nne hadi ya sita, na hiyo ndiyo Krismasi na mwaka mpya. Wiki hizohizo vikoba vingi vinavunjwa na watu wanagawana hisa zao. Wiki chache baadaye shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilishaondolewa, lakini sare, viatu, madaftari na nauli ya mtoto wa bweni bado viko mikononi mwa mzazi. Kwa hiyo hela moja inaitwa na mambo matatu, na lenye kelele zaidi ndilo linalosikilizwa kwanza.

Asiyekaa na familia yake sasa, Februari atakaa na mtu wa kumkopesha. Wote tunajua biashara ile: unapewa gunia moja wakati wa njaa, unalipa mawili wakati wa mavuno, au unauza ekari ya mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Mkulima wa namna hiyo analima shamba la mtu mwingine kwa jembe lake mwenyewe.

Sasa kikao chenyewe. Nusu saa inatosha. Mtoto anayejua kuandika ashike daftari, na mama aongee kwanza, kwa sababu mara nyingi ndiye anayejua kilichobaki ghalani. Maswali ni haya:

1. Tulivuna kiasi gani? Mahindi, maharage, alizeti, ulezi, kila zao peke yake.

2. Yalikwenda wapi? Yaliyouzwa na kwa bei gani, yaliyoliwa, yaliyolipa deni, yaliyokwenda msibani au harusini, yaliyoharibiwa na wadudu. Kama uliuza kwa rumbesa, andika ujazo wa kweli uliotoka, usiandike "gunia moja".

3. Yaliyobaki yatatufikisha lini? Hapa usikisie. Angalieni debe moja linaisha kwa siku ngapi. Kama ni siku nane, basi kuanzia leo hadi mwisho wa Mei, ambazo ni siku 160 hivi, mnahitaji debe 20. Kwa gunia la debe sita, hayo ni magunia matatu na debe mbili. Chini ya hapo, hakuna gunia la kuuza kwa ajili ya sikukuu. Juu ya hapo, mna nafasi.

4. Hela ya mbolea ya kukuzia iko wapi? Mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea kwa ekari moja ya mahindi ndicho kiasi ninachowashauri wengi. Ulipiwe kabla ya mbuzi. Aliyejisajili kwenye ruzuku asiache namba yake ilale. Na mkiweka, udongo uwe na unyevu na mbolea ifukiwe.

5. Nani tunamdai, na nani anatudai? Hili ndilo gumu. Deni litajwe wote wakisikia.

Kuna mzee mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mambo ya baba hayasemwi mbele ya watoto." Namheshimu, ila sikubaliani naye. Mtoto anayejua kwamba ghalani kuna magunia manne hatalilia viatu viwili. Asiyeambiwa ndiye anayedhani baba ni bahili. Na mke anayeshirikishwa haibi debe kwenda kuuza kwa siri, kwa sababu hakuna siri ya kujibu. Sharti langu ni moja: kikao kisiwe cha kukaripiana. Lililopita liandikwe, tuendelee.

Wengine watasema hasara zetu zinatoka nje. Ni kweli, mara nyingine. Mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi aliingia mashambani kwetu Rukwa, na mwaka huohuo mahindi yakazuiwa kwenda nje ya nchi, bei ikaporomoka. Hakuna daftari lingezuia hayo. Lakini familia iliyojua ina magunia mangapi ya kula na mangapi ya kuuza iliweza kuamua nini cha kushikilia. Isiyojua iliuza kwa hofu.

Na wewe mwenye duka au mnunuzi wa mazao, hili ni lako pia. Wiki hii droo imejaa, na droo iliyojaa inadanganya. Sehemu kubwa ya hela ile ni ya kurudisha mzigo. Kaa na mkeo au mumeo, hesabuni bidhaa zilizo kwenye rafu, someni daftari la madeni, mtenganishe hela ya duka na ya nyumba kabla ya kununua nguo za sikukuu. Na ukimkopesha mkulima sukari na mchele kwa ahadi ya mahindi ya shambani, pima unachomdai. Ukimkamua Januari, Agosti hatakuwa na cha kukuuzia wala hela ya kununua dukani kwako.

Sijasema tusile. Mwaka huu nyumbani tutachinja jogoo wawili badala ya mbuzi, na wageni wetu watashiba. Mfuko wa urea umeshasimama pembeni ya kitanda, na binti yangu, ambaye sasa yuko sekondari, ndiye mshika daftari. Juzi ameniambia kwamba bado sijaeleza debe mbili za maharage za mwezi wa kumi. Nitaeleza tarehe 23.

Nawatakia Krismasi njema na mwaka mpya wenye mahindi ya kijani. Tukutane shambani Januari.