Lazima Afe Ndipo Aaminiwe?

Desemba 21, 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, wakataka Waislamu na Wakristo watenganishwe. Waislamu wakagoma. Wanawake wakawavika hijabu wenzao wasiokuwa Waislamu, na wauaji wakaambiwa waue wote au waache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016.

Kutokana na kisa hicho, Katja Benrath, Mjerumani aliyekuwa akisomea filamu Hamburg, alitengeneza Watu Wote, filamu ya dakika 22 iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Ni kazi nzuri. Jua, Mkristo ambaye Al-Shabaab walimuulia mume na mtoto, anapanda basi na chuki yake, na filamu haimsuti. Tunamwelewa, tena upesi mno, ndiyo maana inatuuma anapookolewa na wale wale aliokuwa akiwaogopa.

Lakini tazama nani anayelipa. Jua anapoteza dhana yake potofu; Salah anapoteza uhai. Mwaka 2014, katika Usalama Watch, operesheni ya polisi ya kusaka magaidi, maelfu ya Wasomali walikamatwa Nairobi, wengi wao Eastleigh, na baadhi wakarundikwa uwanja wa Kasarani. Walioulizwa vitambulisho mlangoni mwa nyumba zao hawakuwa na risasi ya kumkingia mtu. Muuza nguo mwenye hasira, mchoyo, asiyempenda jirani yake, naye ana haki ya kutodhaniwa gaidi.

Filamu fupi ina mtego wake. Haina muda wa kumjenga mtu, hivyo humtambulisha kwa kilemba, lafudhi au rangi ya ngozi, yaani kwa alama zile zile ambazo mbaguzi huzitumia. Mwongozaji Pepe Danquart alilijua hilo alipotengeneza filamu fupi Schwarzfahrer mwaka 1993. Ndani ya tramu mjini Berlin, bibi mmoja anamporomoshea matusi kijana Mweusi aliyeketi kando yake. Abiria wanatazama dirishani. Mkaguzi wa tiketi anapoingia, kijana anamnyang'anya bibi tiketi, anaitia mdomoni, anatafuna na kumeza. Kisha anatoa yake, taratibu, kama aliyelelewa vyema. Bibi anaeleza kilichotokea, na kwa mara ya kwanza anasema kweli tupu, lakini nani atamwamini? Wale waliokaa kimya akitukana wanakaa kimya tena.

Kuna watakaosema huko ni kulipiza kisasi tu, na kwamba bibi yule anashuka na chuki maradufu. Huenda. Ila kijana hakutakiwa kuwa malaika. Ana utundu, ana kinyongo, na bado tuko upande wake. Filamu hiyo ya dakika 12 ilishinda Oscar mwaka 1994.

Simlaumu Benrath, kisa ni cha kweli na kilistahili kusimuliwa. Ninachokitilia shaka ni utulivu tunaoupata baada ya kuitazama Watu Wote, kana kwamba deni limelipwa. Ningependa kuona basi lile lile siku isiyo na bunduki: kizuizi cha polisi, mwalimu Msomali anaamriwa ashuke peke yake, abiria wanasonya kwa kucheleweshwa, dereva hajazima injini. Jua ameketi dirishani, na safari hii hakuna wa kumfia. Ni yeye anayepaswa kusema neno.