Ni Nani Hasa Anayeuza Hisa?

Mazungumzo ya hisa yamerudi katika miji ya Thika na Ruiru. Tangu mwaka 2024 mabasi yanayotumia umeme yamekuwa yakiundwa katika kiwanda cha magari cha KVM mjini Thika, na pikipiki za betri si kioja tena katika barabara zetu. Si ajabu basi kwamba katika vyumba vya walimu husikika swali hili: "Mwalimu, hawa watu wa betri watauza hisa lini?" Kampuni ya BasiGo, ambayo ndiyo yenye mabasi hayo, haimo katika Soko la Hisa la Nairobi, na kwa hivyo swali hilo kwa sasa halimpeleki mtu kwa dalali. Hata hivyo, linafaa kuchunguzwa, na si na wanauchumi peke yao. Ndani yake mna kosa la lugha ambalo liliwahi kututia hasara.

Hisa za kampuni ya betri zimewahi kuuzwa kwa umma nchini. Mwaka 2006 Wakenya walialikwa kununua hisa za Eveready East Africa, iliyokuwa na kiwanda mjini Nakuru, kwa bei ya shilingi 9.50 kila moja. Nani hakuijua kampuni hiyo? Yule paka mweusi anayeruka katikati ya tarakimu 9 alikuwa katika kila duka la kijijini. Redio ya mwalimu wa mashambani na tochi ya mlinzi wa usiku zilitumia "mawe" yake, kama tulivyozoea kuziita betri kavu. (Natumai watunga kamusi hawatalisahau neno hilo, kwani vijana wengi wa leo hawalijui.) Tena mwezi wa Mei mwaka huo huo, hisa za KenGen zilizouzwa kwa shilingi 11.90 zilikuwa zimepanda zaidi ya maradufu siku ya kwanza sokoni. Aliyekosa KenGen aliapa kwamba paka hatampita. Maombi ya kununua yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa.

Yaliyofuata yanajulikana. Betri za bei nafuu kutoka ng'ambo zilifurika madukani. Simu ya mkononi, yenye betri ya kutiwa chaji, ikawa tochi na redio kwa wakati mmoja. Umeme nao ukaenea vijijini. Mwaka 2014 kiwanda cha Nakuru kilifungwa na wafanyakazi wake wakaenda nyumbani. Kufikia mwaka 2020 hisa moja ilikuwa ikiuzwa kwa kiasi cha shilingi moja, yaani mwalimu aliyetoa shilingi 9,500 kununua hisa 1,000 alikuwa amebakiwa na mali ya kama shilingi 1,000.

Sasa tulirudie lile swali la walimu. "Kampuni inauza hisa." Katika sentensi hii kiima ni kampuni, ndiyo mtendaji, na msikilizaji huelewa kwamba fedha zitaingia katika mfuko wake ili inunue mitambo na kuajiri watu. Lakini mwaka 2006 haikuwa hivyo. Hisa milioni 63 za Eveready zilizouzwa zilikuwa asilimia 30 ya hisa milioni 210 ambazo tayari zilikuwa na wenyewe. Wenyewe hao ndio waliouza, na wenyewe hao ndio waliopokea fedha. Katika mauzo ya KenGen muuzaji alikuwa serikali, iliyojipunguzia asilimia 30. Katika yale ya Safaricom ya mwaka 2008, yaliyofanyika kwa bei ya shilingi 5, muuzaji alikuwa serikali tena, kwa asilimia 25. Mwalimu wa Ruiru aliyejivunia kwamba "amechangia kiwanda cha Nakuru" hakukinunulia hata parafujo moja.

Sisemi kwamba palikuwa na hila. Mauzo ya namna hiyo ni halali, na muuzaji hutajwa katika hati zinazotolewa. Wala si lazima mnunuzi apate hasara: hisa za Safaricom zilishuka chini ya shilingi 3 kabla ya mwaka kwisha, lakini mwaka 2021 zilipita shilingi 40, na waliosubiri hawakujuta. Ninalosema ni kwamba anayejua muuzaji ni nani huuliza swali ambalo asiyejua hawezi kuliuliza: kwa nini mwenye mali anaiuza? Mtu huyo huyo wa Ruiru akitaka kununua ploti hukagua hati katika ofisi ya ardhi, huwauliza majirani, na humtazama muuzaji machoni. Kwenye hisa alitazama picha ya paka.

Lugha yetu ina uwezo wa kutenganisha mambo haya bila taabu. Mwenye hisa akiuza zake, tuseme "mwenye hisa anauza". Kampuni ikiunda hisa nyingine ili ipate mtaji, kama Benki ya KCB ilivyofanya mwaka 2010, tuseme "kampuni inatoa hisa mpya". Wapo watakaodai kwamba Kiswahili ni kichanga katika mambo ya fedha. Hao wanasahau kwamba hisa, dalali, faida, rasilimali na mtaji ni maneno ya wafanyabiashara wa pwani yetu, na soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954 tu.

Kwa hakika, ugumu uko katika zile hati zenyewe. Huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kwa kurasa, na sehemu inayotaja hatari husomwa na wachache hata miongoni mwa wenye shahada. Mfanyabiashara wa soko la Jogoo mjini Thika atafanyaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inaweza kudai kwamba kila mauzo ya hisa kwa umma yaandamane na muhtasari wa Kiswahili sanifu wa kurasa mbili au tatu, na ukurasa wa kwanza useme waziwazi ni nani anayeuza, fedha zinakwenda wapi, na ni jambo gani linaloweza kuiangusha biashara hiyo.

Magazeti ya Kiswahili nayo yaache vichwa vya habari visemavyo "Kampuni yauza hisa" pale ambapo muuzaji ni mwingine. Na mwalimu wa sarufi anayetafuta sentensi ya kufundishia kiima na kiarifu katika kidato cha pili anaweza kuichukua hiyo hiyo, akawauliza wanafunzi wake fedha zilikwenda kwa nani.