Mradi Ufuate Wimbo

Wapo wenzetu wanaodai kwamba wimbo wa zamani usiolingana na mapigo ya kompyuta una kasoro. Madai hayo tunayapinga.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Hapakuwa na mashine ya kumhesabia mapigo; mwendo uliyafuata maneno na pumzi ya mwimbaji. Leo kijana huutia wimbo wa namna hiyo katika programu ya kuhariri sauti. Nyingi za programu hizo hufungua mradi mpya kwa mapigo 120 kwa dakika, naye huulazimisha wimbo ufuate. Wimbo wa mapigo 96, uliodumu dakika 5, hubanwa ukaisha kwa dakika 4. Sauti haipandi, lakini madaha yamekwisha.

Hatuupingi mtambo. Programu hizo hizo zaweza kupangiwa mapigo yanayobadilika, hata mradi ukaufuata wimbo pigo kwa pigo. Kazi hiyo ina taabu, nayo ndiyo kazi ya heshima. Hiyo 120 ni tarakimu ya mtengenezaji, si sheria ya muziki.

Walimu, wafunzeni vijana kusikiliza kwanza, ndipo wahariri. Mcheza kwao hutunzwa, sisi tusimwadhibu.