Inchi Nane za Kujidanganya

Kuanzia Maua hadi Siakago, kijana akitaka kufungua studio ya muziki hupewa ushauri uleule: anza na spika kubwa. Ukiwa na za inchi nane na subwufa ya kuzisindikiza, wewe ni prodyusa. Ukiwa na za inchi tano, bado unacheza. Ushauri huu husikika katika maduka ya Luthuli Avenue, hurudiwa na waliotangulia kwenye kazi, kisha hutiwa nguvu na picha za studio za Nairobi ambazo kila mtu amezitazama kwenye simu. Mimi nasema ni ushauri mbaya. Humla mtu pesa wakati wa kununua, halafu humla tena kila anapolazimika kurudia kazi ambayo ilisikika safi studioni na kuharibika barabarani.

Tuanze na kazi yenyewe. Wufa ya sebuleni hutengenezwa ili ikupendeze, kwa hiyo besi yake huongezwa chumvi. Monita ya studio hutengenezwa ili ikuonyeshe makosa yako ungali na nafasi ya kuyarekebisha. Inchi za spika hukuambia, kwa jumla, jinsi inavyoweza kushuka chini. Yamaha HS5, ya inchi tano, hutangazwa kufika karibu hezi 54, yaani mitetemo 54 kwa sekunde. HS8, ya inchi nane, hushuka hadi 38. Kwenye karatasi ya dukani, HS8 imeshinda, lakini karatasi hiyo haikupima chumba chako.

Chukua chumba cha kawaida cha kupanga katika fleti mpya za Makutano ya Meru au karibu na Chuo Kikuu cha Embu: mita tatu kwa tatu, kuta za mawe, sakafu ya simiti, na juu slabu ya ghorofa inayofuata. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa karibu mita sita, yaani mara mbili ya upana wa chumba hicho. Likigonga ukuta hurudi na kukutana na lenyewe, likajazana kwenye kuta na kufifia katikati. Kwa kuwa chumba ni mraba, tatizo la upana na la urefu huangukia hezi zilezile na kuzidishana. Sasa mweke prodyusa katikati, mahali ambapo wengi huweka meza. Noti ya La ya chini kwenye gitaa la besi, ambayo ni hezi 55, itamponyoka. Ataiongeza hadi aisikie. Wimbo ukiingia kwenye matatu ya kwenda Nairobi, besi hiyo itatikisa vioo na kuyameza maneno ya mwimbaji. Mwenzake aliyeegemeza kiti ukutani ataisikia imefura, aipunguze, na wimbo wake utatoka umekonda kama ulioshinda njaa.

Je, spika kubwa zaidi ingewasaidia hawa wawili? Ingewaongezea shida. Kadiri spika inavyomwaga nguvu kwenye hezi ambazo chumba hakiwezi kuzishughulikia, ndivyo chumba kinavyozidi kuisemea uongo. Spika ya inchi tano huanza kuachia karibu na pale chumba kinapoanza kuvuruga. Hilo wanaoliita udhaifu, katika chumba cha mita tatu ni faida.

Na hapa kuna jambo ambalo wapenda vya kisasa hawapendi kulisikia. Nyumba za mbao, ambazo bado zimejaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya kutoka Manyatta hadi Imenti, huwa hazikamati besi kama fleti za mawe. Ukuta wa mbao na dari nyepesi huyumba na kuliachia wimbi la chini lipite nje, wakati ukuta wa mawe hulirudisha ndani. Kwa kurekodi, nyumba ya mbao ina kasoro zake: jogoo wa jirani ataingia kwenye wimbo, na mvua ikipiga mabati kazi imesimama. Lakini kwa kusikiliza besi na kuipima, kijana anayeona aibu kwa chumba cha mbao cha nyanya yake mara nyingi ana bahati kuliko anayelipa kodi kubwa mjini.

Wanaoamini ukubwa husema kwamba wakubwa wa muziki duniani hutumia mitambo mikubwa. Historia inasema vingine. Mwaka 1978 Yamaha ilitoa spika ndogo ya nyumbani, NS-10, ambayo haikuwavutia wapenzi wa muziki wa sebuleni. Haikuwa na besi ya kujivunia, na sauti yake ilikwaruza. Mafundi wa studio wakaichukua, na ndani ya miaka michache spika hizo zenye koni nyeupe zilikaa juu ya meza za kuchanganyia sauti karibu kila mahali, hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2001. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliipima pamoja na spika nyingine nyingi za studio. Walichokiona ni kwamba besi yake, ingawa haikushuka sana, ilikatika upesi bila kuburuta mkia. Fundi aliweza kusikia ngoma ilipoanzia na ilipoishia. Bruce Swedien, fundi aliyechanganya albamu ya Thriller ya Michael Jackson mwaka 1982, alitegemea pia Auratone, kikasha kidogo chenye spika moja tu ndani. Mitambo mikubwa ilikuwepo ukutani, ndiyo, lakini ndani ya vyumba vilivyosanifiwa kwa ajili yake. Usione vyaelea, vimeundwa: ile picha ya studio ya Nairobi haionyeshi kilichofichwa nyuma ya kitambaa cha ukuta.

Kuna hoja ya pili, na hii ina uzito. Watasema: watu wetu wanapenda besi, kwa hiyo lazima uisikie yote. Lakini hebu tuwafuate wasikilizaji hao hadi waliko. Mchuma chai wa Githongo anasikiliza Muuga FM kwenye redio ndogo. Mkulima wa muguka wa Kiritiri ana Wimwaro FM kwenye simu. Bodaboda ana kispika kilichofungwa kwenye usukani. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 55 hata kidogo; kinachomfanya msikilizaji ahisi besi ipo ni sauti za juu yake, hezi 110, 165 na kuendelea, ambazo ubongo huzitumia kukisia ile ya chini. Asiyezipa nafasi sauti hizo, besi yake haipo kwa wasikilizaji hao. Na hizo zote zimo ndani ya uwezo wa spika ya inchi tano. Matatu na klabu zinahitaji ukaguzi wa ziada, nakubali, lakini ukaguzi huo hufanywa kwa hedifoni nzuri na kwa kumwomba dereva rafiki dakika tano za mfumo wake. Hauhitaji deni.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo ya kweli kuliko zote: spika kubwa ni za mteja. Kwaya ikiingia studio na kuona visanduku vidogo, mwenyekiti anaanza kuomba kupunguziwa bei. Ninaelewa. Biashara ni biashara. Ila basi tuite matumizi hayo kwa jina lake, tuyaweke kwenye fungu la rangi ya ukuta na makochi, na tusiwadanganye wanaoanza kwamba ni ya ubora. Kwaya hiyo imechangishana kwa miezi. Ikirudi kanisani na wimbo ambao besi yake inafunika sauti ya kwanza na ya pili, haitakumbuka spika zilikuwa za inchi ngapi, bali itakumbuka jina la studio.

Kwa hiyo mwenye shilingi chache afanye nini? Tuseme una 80,000. Zisizozidi nusu zikanunue jozi ya monita za inchi tano, hata za mkono wa pili, ukikagua kama koni imechanika na kama kuna mvumo zikiwashwa bila muziki. Ukiletewa na jamaa kutoka Marekani, soma nyuma kabla ya kuchomeka: spika ya volti 120 ikikutana na 240 zetu, imekwenda. Kiasi kinachobaki kipe chumba. Fundi seremala akuundie fremu za kina cha sentimita kumi au zaidi, zijazwe pamba ya mawe, ile inayovishwa mabomba ya mvuke, kisha zifunikwe kitambaa. Anza na pembe za chumba, ambako besi hujazana. Trei za mayai ziache kwa mayai, haziigusi besi. Usikae katikati ya chumba wala ukutani. Anza karibu theluthi moja na ushei ya urefu wake kutoka ukuta wa mbele, spika mbili na kichwa chako zikifanya pembetatu sawa, kisha sogea huku ukisikiliza wimbo unaoujua vizuri. Spika zikilazimika kukaribia ukuta, tumia swichi ya nyuma ya kupunguza besi, HS5 inayo.

Halafu punguza sauti. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio husikia besi zaidi sauti inapopandishwa. Anayechanganya kwa kelele hudhani besi yake imetosha, kumbe ni kelele. Changanya kwa kiwango ambacho mtu anaweza kukusemesha bila kupaza sauti.

Duka likikuambia kwamba kwa kuongeza elfu ishirini utapata za inchi nane, chukua hizo elfu ishirini umpelekee seremala. Siku utakayohamia chumba cha mita sita kilichotengenezwa vizuri, nunua hizo kubwa. Zitakuwa na kazi. Kabla ya hapo unanunua besi ambayo kuta zako zitaipotosha kabla haijakufikia.